Sahani ya Kando ya Kemuma

Mgeni rasmi, Daktari Marion Okemwa wa lishe, Chifu wetu, na nyinyi majirani mliosimama nje ya ua: karibuni. Viti vipo, hata vyenu.

Tulikotoka

Sisi ni wagonjwa wa sukari tuliokutana kwenye foleni ya kliniki. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake hapa Keumbu. Tukaanza kulima mboga za kienyeji, chinsaga, managu na kunde, nyuma ya nyumba ya mwenzetu Kemuma.

Tulipofika

Wengine tuliamini uchungu wa chinsaga utafukuza utamu wa sukari, tukataka kutupa vidonge. Ulitukemea, Daktari, na ulifanya vyema. Ukatufundisha kujaza nusu ya sahani mboga, kupunguza ugali na kutoacha dawa. Sasa vipimo vya wengi wetu vimetulia.

Changamoto

Mboga tunazo. Watu ndio hatuna. Hapa kwetu ugali huliwa pamoja, na anayekataa tonge huonekana anamshuku mwenye nyumba kuwa ametia sumu. Kwenye harusi ya mpwa wake, Kemuma alijipakulia kando: mboga nyingi, ugali kidogo. Shemeji yake akamwambia mbele ya watu, "Mama Duke, kama unaogopa chakula yetu, si ungekaa tu kwako?"

Tangu hapo haalikwi. Mumewe alishafariki na watoto wako Nairobi, kwa hiyo anapika na kula akitazama ukuta. Inatuuma sana, maana wengi wetu tunakula hivyo hivyo.

Sabato iliyopita alichoka. Kwenye chakula cha kanisa alikula ugali kama wote, akanywa soda, akacheka na wenzake. Kesho yake tulimbeba hadi kliniki. Alipopata fahamu alisema, "Lakini nilikaa na watu."

Ombi

Tulipanga kuomba tangi la maji. Litasubiri. Tumesikia umeandaliwa pilau kwa Chifu, naye atusamehe. Tunaomba ule hapa, majirani wakiona, kutoka sahani ya kando: chinsaga iliyolala kwenye maziwa na ugali wa wimbi kidogo. Wakikuona wewe, labda wataamini kwamba si dharau.

Aliyepika ni Kemuma. Ndiye yule mwisho wa meza, mwenye sahani mbili.

Mungu akupe afya, Daktari, wewe na nyumba yako. Maji ya kunawa haya hapa.

Ni sisi,
Kikundi cha Nusu Sahani, Keumbu.
Imesomwa na Nyanchera, katibu.