Mama Léocadie na Miezi Miwili

Tarehe 31 ya mwezi huu Mama Léocadie Nabintu anafunga kabati lake, baada ya miaka thelathini na mbili katika biro yetu ya huduma za jamii hapa Uvira. Kazi yake ilikuwa moja: wazazi wakitengana, mtoto asikose pesa ya malezi.

Kwa wenye mshahara hakupoteza muda. Barua moja kwa mwajiri, sehemu ya mtoto inakatwa kabla baba hajaiona. Wanaojitegemea ndio walitutoa jasho. Muuza mchele mmoja wa Luberizi aliapa kwamba hana kitu. Mama akampa pole, kisha akamuuliza bei ya pikipiki mpya aliyoiegesha mlangoni. Alilipa siku hiyo hiyo.

Sasa niungame, maana yeye hajawahi kunisema. Mwaka 2014 nilimwandikia mvuvi Gédéon alipe kila tarehe 30 kwa ajili ya binti yake Bénédicte, aliyebaki na mama yake kule Songo. Tarehe 30 hakuleta kitu. Siku kadhaa baadaye akaja na pesa mkononi, nami, kichwa kigumu, nikamrudisha: tarehe imepita, angoje tarehe 30 nyingine. Ikifika, mifuko mitupu. Tulizungushana hivyo miezi mitatu, hadi shule ikamfukuza mtoto. Nikaandaa barua ya kumshitaki baba.

Mama Léocadie akaichukua barua, akateremka mwenyewe ufukweni. Gédéon akamwambia: «Minye nalipaka na mwezi, nyinyi munalipishaka na kalendari.» Ndagala, dagaa wa ziwa letu, huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukipevuka taa zinapumzika, na hapo ndipo wavuvi wanagawana mapato.

Mama alirudi, akachana barua yangu, akaandika kwenye faili: «Alipe mwezi ukipevuka.» Wakubwa walicheka. Bénédicte alirudi darasani juma lile lile, na baba yake hakukosa tena hata mara moja.

Bénédicte ameshakuwa mtu mzima, faili lake limefungwa. Hata hivyo, mwezi ulipopevuka juzi, Gédéon alikuja. Nikamwambia hadaiwi. Akasema anajua, akaweka mfuko wa ndagala kavu mezani kwa Mama, akasimama kungoja risiti kama kawaida. Mama akamwandikia: «Nimepokea yote.»

Aksanti, Mama. Tunakuombea mapumziko mema na afya tele. Na ile barua iliyochanwa, vipande vyake bado ninavyo.