Mzee Nyamai Ndululu na Gari Lililokataa Kulala Njiani

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Nyamai Ndululu, Msimamizi wa Magari wa Kliniki Tembezi ya Wendo, anastaafu baada ya kuhudumu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi tisa. Wenzangu wameniomba mimi, Hasina wa uhasibu, niandike wasifu wake. Sijui kwa nini wamemchagua mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akikata maombi yake ya spea kwa kalamu nyekundu. Labda ni adhabu, na kama ni adhabu, naikubali kwa moyo mkunjufu.

Mzee Nyamai alizaliwa Matinyani, akajifunza umakanika mjini Kitui, na mnamo Februari 1994 akaajiriwa nasi kama fundi msaidizi. Wakati huo kliniki ilikuwa na gari moja, hema moja na wauguzi wawili. Baadaye alikuwa dereva, na mwaka wa 2003 akapandishwa cheo kuwa msimamizi. Cheo hakikumvua ovaroli. Siku za mikutano alivaa tai juu yake. Wauguzi wanamjua kwa tabia yake ya kuzima redio ghafla ili asikilize injini. Dada Mbithe, aliyesafiri naye kwa miaka kumi na minne, anaapa kwamba hajawahi kusikia taarifa ya habari ikifika mwisho.

Lakini anayetaka kumjua Nyamai sharti asimuliwe habari za mwaka wa 2014.

Magari yetu mawili yalikuwa yamezeeka. Mwaka uliotangulia tulikosa kufika kliniki mara ishirini na sita, nyingi zikiwa kwenye vituo vyetu viwili vya ng'ambo ya mto Thwake, kule Makueni. Akina mama walikuwa wakitembea saa mbili na watoto mgongoni, wanangoja, kisha wanarudi na watoto bila chanjo. Wengine walianza kukata tamaa, na nani angewalaumu? Wafadhili walitupa pesa za gari moja tu. Mwenyekiti wetu, Mchungaji Kivuva, alisema wazi kwamba tusipopata gari la kutegemewa, vituo hivyo viwili vitafungwa.

Tuliletewa magari mawili tuchague, yote yakiwa ya kuvuta kwa magurudumu manne. La kwanza lilikuwa la miaka mitano, linang'aa, viti vya ngozi, kila kitu kwa kubonyeza. La pili lilikuwa Land Cruiser kuukuu ya dizeli, ya miaka kumi na sita, gia za mkono, viti vimeshonwa kwa uzi wa magunia. Na lile kuukuu lilikuwa ghali zaidi kwa shilingi laki tatu! Niliandika ripoti ya kurasa mbili kuonyesha kwamba kulinunua ni wazimu. Kamati nzima iliniunga mkono, nami nikavimba kichwa.

Mzee Nyamai aliomba wiki moja. Hakwenda kuangalia gari lolote. Aliandika kwenye daftari majina ya spea tisa ambazo barabara zetu huvunja, kisha akazunguka siku za soko: Matinyani, Mbumbuni, Kasikeu. Aliingia duka baada ya duka akiuliza kama spea ipo, na kama haipo, itachukua siku ngapi kufika. Kwake yeye, unachagua duka kwanza, gari baadaye.

Aliporudi alinijia ofisini, si kwa hasira, akaweka daftari mezani.

“Hasina, mwiitu,” akaniita binti yake kwa Kikamba, “bei ya spea umepiga vizuri. Sasa piga hesabu ya zile siku tutakaa tukingoja hiyo spea.”

Sikuwa nimezipiga. Spea za gari linalong'aa hazikupatikana hata moja katika masoko yote matatu. Ya karibu zaidi ilihitaji siku kumi na nane. Za Land Cruiser, saba kati ya tisa zilikuwa rafuni Kasikeu, na mafundi wa kuzifunga wamekaa mlangoni wakinywa chai. Ripoti yangu ilikuwa na kila hesabu isipokuwa ile ya mama anayengoja.

Kamati bado ilisitasita, kwa hiyo akaomba magari yote mawili yapelekwe mto Tiva, ambao wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Alipunguza upepo wa magurudumu ya yote mawili sawasawa, maana Nyamai hamwonei mtu. Muuzaji wa gari linalong'aa aliliendesha mwenyewe, na viatu vyake vyenye ncha. Lilizama hadi bampa. Kamera ya nyuma ilituonyesha mchanga kwa picha safi ajabu. Likavutwa na punda wanne walioletwa kubeba maji ya visima vilivyochimbwa mchangani, na mwenye punda akadai soda. Land Cruiser ilivuka, ikageuka, ikavuka tena.

Mchungaji Kivuva alikubali, ila kwa sharti: tukikosa kufika siku tatu kabla ya mwaka huo kuisha kwa sababu ya gari, vituo vya Thwake vinafungwa.

Siku ya kwanza tuliipoteza mwezi Mei, kwa klachi. Ya pili ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, mto ulipofurika. Mimi mwenyewe nilisema mafuriko si kosa la gari. Mzee Nyamai alikataa. Alisema mama aliyengoja hakuuliza kosa ni la nani, akaiandika siku hiyo dhidi yake mwenyewe.

Basi tukabaki na Jumanne moja, siku yetu ya kwenda Thwake, ya mwisho kabla ya likizo ya Krismasi, katikati ya Desemba. Kamati ilinituma niwe shahidi ndani ya gari. Tulipoipita Kasikeu kidogo, redio ikazimwa. Beringi ya gurudumu la mbele ilikuwa imekufa. Chanjo zilikuwa ndani ya sanduku la barafu, na ilikuwa saa mbili asubuhi. Tusipofika, hiyo ingekuwa siku ya tatu.

Nyamai alifungua gurudumu, akapanda bodaboda kurudi Kasikeu, akarejea na beringi mpya mfukoni mwa shati. Dada Mbithe alishika jeki, mimi nikashika spana, na buibui langu likapata grisi ambayo mpaka leo haijatoka. Baada ya saa moja na dakika arobaini, gari likanguruma. Tulifika ng'ambo saa tano kasoro, na akina mama walikuwa bado wapo. Mchungaji Kivuva pia alikuwepo, amekuja kujionea mwenyewe. Alimtazama Nyamai, mweusi kwa grisi hadi viwikoni, akavua kofia.

“Hivi vituo havifungwi,” akasema.

Nililia, wala sioni haya kusema. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nilishindwa mbele ya watu, kwa furaha. Kalamu nyekundu niliiweka kando wiki hiyo hiyo.

Tangu hapo miaka kumi na mmoja imepita. Gari lile bado ni letu, na siku tulizokosa kwa sababu yake hazizidi kumi na moja. Mzee amefundisha madereva sita, na kila mmoja anajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa sababu alilazimishwa kukaza nati zote kila Ijumaa hata kama kuna harusi. Tunamshukuru yeye, na tunamshukuru mkewe, Mama Syombua, aliyefua ovaroli hizo miaka yote bila kutuletea malalamiko ambayo tulistahili.

Mzee Nyamai, tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani Matinyani, na usingizi usiokatizwa na simu zetu. Mwaka jana watoto mia nane na kumi na wawili walipata chanjo ng'ambo ya Thwake. Hawakujui kwa jina. Mama zao wanajua tu kwamba Jumanne kliniki hufika, kwa hiyo huondoka nyumbani mapema bila kuuliza mtu.