Kadi Ifungwe Jumatano

Kaeni chini wote wawili, na wewe Nathanaeli weka hiyo simu mfukoni, kwa maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu, na tangu asubuhi mnabishana kando ya kitanda changu kama vile nimekwisha kuzikwa.

Mnagombea kadi ya mkopo! Hamjauliza ekari ya zabibu, hamjauliza mbuzi, mnauliza kadi. Nimelipa rejesho la mwisho mwezi uliopita, sidaiwi hata shilingi, na bado kadi hiyo inanichosha kuliko nilipokuwa nadaiwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mimi dawa nimeinywa yote, ila ugonjwa mnataka kuurithi ninyi.

Najua maneno ya yule kijana wa mikopo. "Mama Nathanaeli, usifunge kadi. Ukiiacha wazi, mwanao ataendelea na kiwango chako cha milioni mbili. Ukifunga, ataanza na laki mbili kama mgeni." Nawe Loisi ukadakia, "Tuiache tu, mama, kwani kadi inakula ugali?"

Ugali haili, mwanangu. Ilikula cherehani ya Mwantum.

Hili sikuwahi kuwaambia. Kikundi chetu cha mikopo ni wanawake watano, na mmoja akishindwa, wanne wanalipa. Mwaka ule mvua ilinyesha zabibu zikiwa zimeiva, zikapasuka na kuoza hapa hapa Hombolo, na Jumatano ya marejesho ilipofika nikakimbilia Haneti kwa dada yangu, nikaaga kwamba nimefiwa. Nyuma yangu watu wa mikopo walibeba cherehani ya Mwantum, maana yeye ndiye aliyeweka sahihi chini ya jina langu. Niliporudi alinipokea mlangoni, akanishika mkono, akasema, "Pole na msiba, dada." Na hapakuwa na aliyekufa. Mpaka leo anashona sare za watoto kwa sindano ya mkono, na sahihi yake bado iko kwenye kadi yangu. Mkikopa ninyi mkashindwa, safari hii watabeba nini? Kitanda chake?

Basi sikieni, na msinikatize. Kadi ifungwe. Jumatano mkodi bajaji, mtandike godoro, mnipeleke kikundini nikaweke dole gumba mbele ya wote. Msiniambie nimechoka, kuchoka nimechoka na ninyi. Shamba mlilime pamoja, wala asiuze mtu hata mche mmoja. Mavuno ya kwanza yanunue cherehani, kabla ya bati, kabla ya pikipiki yako, Nathanaeli. Ukikunja uso, kunja, lakini nunua. Mbuzi mgawane sawa, yule mwenye mimba achukue Loisi.

Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape majirani wa kuwavumilia, kama mimi nilivyovumiliwa bila kustahili. Nimewasamehe kelele zenu. Na ninyi... mnisamehe ukali.

Loisi, niinue kidogo. Hapo. Hapo hapo.

Leo ni siku gani? Jumatatu... Ni mbali, wanangu. Ni mbali mno.

Nathanaeli, acha kulia, toka uende. Kamwite Mwantum. Awaite na wale wengine watatu, waje na wino... waje sasa hivi. Mlango... uacheni wazi.