Maji Hayaposwi: Maisha ya Nyapara Ezekieli Kiprugut arap Sang

Wazee wetu, kina mama, wafanyakazi wa barabara na wageni wote, mimi ni Kipsang, mdogo wake marehemu, mwalimu wa shule pale Rongai. Familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu. Nitajaribu kusoma bila hasira, ingawa tangu Jumapili nimejaribu nikashindwa.

Marehemu alizaliwa katika shamba la mzungu karibu na Molo, ambako baba yetu alikuwa skwota, kibarua aliyepewa pa kuishi na kulima. Mama alisema ilikuwa msimu wa kupalilia mahindi. Serikali ilipomwandikia kipande, ilimpa tarehe 1 Januari 1911, naye akaikubali, kwa sababu hakupenda kubishana na mtu aliyeshika kalamu.

Alisoma miaka miwili katika shule ya misheni kule Ravine, 1924 na 1925. Alikuwa ameanza kusoma Injili ya Marko peke yake wakati mwenye shamba alipotaka vijana wote warudi kuvuna. Hakurudi darasani tena. Marko aliimaliza akiwa mtu mzima, na aliisoma kwa sauti kubwa hata majirani wakaijua kwa moyo.

Mwaka 1931 aliandikwa kazi ya barabara ya serikali. Alipasua mawe, akasukuma toroli, na mwaka 1947 akafanywa nyapara. Hakuwahi kumpiga mtu. Akikukuta umelala kazini, alikaa kando yako akakuuliza habari za nyumbani mpaka uone haya mwenyewe.

Mwaka 1936 alimwoa Chepkosgei. Ninyi mnajua desturi ya kwetu: wazee wa posa hawatoi haja siku ya kwanza. Wanasalimu, wanauliza habari za ng'ombe na mvua, wanakunywa mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, wanarudi nyumbani. Sisi tulikwenda mara nne. Mara ya tatu baba mkwe akaguna, "Hawa watu wa salamu watamaliza kibuyu kabla hawajasema!" Tulicheka sana. Walijaliwa binti watatu, Jelagat, Jeruto na Chepngeno. Nawaomba mkumbuke hiyo posa, maana nitairudia.

Mwaka 1951 kaka na watu wake walihamishiwa Kambi ya Maili Kumi na Mbili. Familia thelathini na saba zilichota maji kwenye shimo moja, pamoja na ng'ombe wa shamba jirani. Hatua mia mbili kutoka hapo lilipita bomba la nyumba ya kupumzikia maafisa. Kaka alitaka kitu kimoja tu: mfereji kutoka kwenye bomba hilo.

Februari 1952 alivaa koti, akapanda lori la kokoto mpaka ofisini Nakuru. Akamsalimu afisa, akamuuliza habari za watoto na za mvua, akaaga. Kwake yeye, hiyo ilikuwa hatua ya kwanza. Afisa aliandika kitabuni: "Nyapara amefika. Hana shida." Aprili akarudi kusalimu tena. Karani wa ofisi, Bwana Shantilal, alimfuata mpaka mlangoni.

"Nyapara, kama iko shida, sema leo. Huyu bwana anaenda likizo."

"Karani, mimi si mwizi niingie na kuchukua," kaka akamjibu. "Nitasema siku yake ikifika."

Afisa akaenda likizo. Akaja mwingine, na kwa adabu yetu mgeni huanzwa upya, kwa hiyo kaka akaanza upya. Huyo naye alipozoeleka, akahamishwa. Hivyo zikapita safari saba.

Julai 1954 homa ya matumbo ilimchukua Chepngeno, mwenye miaka sita. Tulipotoka kuzika, Chepkosgei alimwambia mumewe mbele yetu sote, "Usiende kusalimu tena. Enda useme."

Alikwenda, akasema. Afisa alifungua kitabu. "Umekuja hapa mara saba, na mara saba imeandikwa huna shida. Sasa hayo maji yameharibika lini?" Kaka alirudi nyumbani, akaniita nimwandikie.

Niliandika barua tatu kwa ajili yake. Ya kwanza nilijibiwa kwamba jambo linaangaliwa. Ya pili, niulize ofisi nyingine. Ya tatu, ile ni kambi ya muda tu. Ya muda! Watoto waliozaliwa pale sasa wanatumwa kuchota.

Nasema wazi kwamba kaka yangu alikosea, na kosa lake lilikuwa adabu. Lakini kila mwezi ofisi ilimtuma mtu aje kuhesabu sururu na karai kambini. Mtu huyo alipita kando ya shimo lile na hakuchungulia hata siku moja. Maji hayaposwi. Shule haiposwi, wala dawa ya mtoto. Serikali ikikaa mezani ingoje watu waje kuomba haki yao, itapata watu wenye adabu na watoto wagonjwa. Iamke yenyewe, iende ione, na iwaulize kina mama wenye ndoo.

Mei mwaka huu homa ileile ilimshika kaka. Tulimpeleka hospitali Nakuru, akalazwa kitanda kimoja na mgonjwa mwingine, naye akawa anamwomba radhi mwenzake kila akijigeuza. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 1957, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Chepkosgei. Binti zake, Jelagat na Jeruto. Mimi mdogo wake. Na familia thelathini na saba za kambi. Chai mtakayokunywa leo imepikwa kwa maji ya mapipa, ambayo Bwana Shantilal ameyaleta kutoka mjini.

Afisa mpya, aliyefika mwezi uliopita, tulimwalika, naye ameketi hapa mbele. Bwana, hujambo? Hiyo ndiyo salamu, na imetosha. Haja yetu ni mfereji wa maji, kutoka kwenye bomba lile unaloliona pale. Bwana Shantilal, tafadhali andika.

Kaka, pumzika kwa amani. Haja yako imesemwa.