Daftari la Vikombe vya Maji

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa hata na kinywa kilichochelewa kuzitoa. Mimi ni mjane tangu tarehe 9 Juni 2004. Kusoma nilijifunzia hapa kambini Nakivale nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na cheti changu nilikitundika ukutani. Nilijivunia cheti hicho kuliko inavyompasa mtu aliyeokoka.

Mama mkwe wangu, aliyenipokea kama binti yake tangu tulipokuwa Uvira, alikuwa amepoteza kumbukumbu. Alikuwa akila, kisha analalamika kwamba ameshinda na njaa.

Tarehe 14 Machi 2011 binti yangu Furaha alianza kuhara na kutapika. Mhudumu wa afya aliagiza mgonjwa atengwe, mikono ioshwe kwa sabuni, vyombo visichanganywe. Lakini mama alisahau kila onyo. Nikigeuka tu, namkuta amemkumbatia mgonjwa, anakunywa katika kikombe chake. Nikamfungia mama katika chumba cha nyuma.

Jirani yangu, Mama Espe, alikuja akasimama nje ya ua.

"Dada, utupatie ule muzee. Tutakaa naye kwetu mpaka mutoto apone."

"Wewe hujui hata kusoma maagizo," nikamjibu.

"Kusoma sijui. Kukaa na muzee najua."

Nilimwacha amesimama pale pale.

Kila nilipompelekea mama maji niliandika katika daftari: saa tatu, kikombe kimoja, saa sita, kikombe kimoja. Nikirudi nilikuta kikombe kitupu. Akilia, "Mwanangu, niko na kiu," nilimjibu kupitia mlangoni, "Umeshakunywa, mama. Umesahau tu." Siku tatu, ndugu zangu.

Siku ya nne hakuamka. Tulimfikisha hospitalini mjini Mbarara, nami nikamkabidhi daktari daftari langu, nikingoja ausifu mwandiko. Alilisoma lote. Kisha akauliza, "Ulimwona akinywa?"

Sikumwona. Niliporudi nyumbani nilikuta sakafu ya udongo ya chumba kile imeshikana kwa maji na kufagiliwa safi. Kama alivyofanya maisha yake yote, mama alikuwa akinyunyiza maji ili vumbi lisiruke anapofagia. Ugonjwa wa Furaha hakuupata. Kiu nilimpa mimi.

Bwana aliwainua wote wawili, mama na Furaha. Nilimwendea Mama Espe nikapiga magoti. Akanishika mkono: "Simama, dada. Twende tumupikie uji." Tangu siku ile wanawake wa kanisa walikaa na mama kwa zamu, na hivyo Bwana alinifungua kutoka katika kiburi changu. Lakini sitawaficha: mama, aliyesahau hata jina la mwanawe, hakusahau kuniogopa. Mpaka alipolala katika Bwana tarehe 2 Novemba 2012, hakupokea tena maji mkononi mwangu. Ya Mama Espe aliyapokea, nami nilikaa kando nikitazama.

Namshukuru Mungu aliyenisamehe. Wewe uliye na mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, mtumaini Bwana. Na jirani akibisha hodi, amini kwamba ni Bwana aliyemtuma, umfungulie.