Akaunti ya Mtaa Mzima

Benchi la kijiwe kile lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na kitasa hakijang'olewa, kwa hiyo aliyechelewa ndiye aliyekikalia. Leo kilimwangukia Swichi, naye hakulalamika. Nyuma yake kilikuwa chumba chake cha gemu, kimefungwa mchana kweupe. Mapajani aliipakata mashine yenyewe ndani ya taulo, akimsubiri mnunuzi. Swichi alikuwa fundi umeme mpaka alipodondoka kutoka darini kwa watu na goti likagoma kukunjika. Tangu hapo chumba ndicho kilichomlishia watoto. Mashine ile haina pa kutia diski. Gemu zote alizinunua mtandaoni zikakaa kwenye akaunti moja, na kila mteja alicheza kwa jina hilohilo. Kampuni iliyoziuza ikaona mtu mmoja anacheza kutwa kucha, mara hodari, mara hovyo kabisa, ikamtaka ajieleze. Hapo ndipo wenzake wa kijiweni walipojitolea kumsaidia, na msaada wa kijiweni mnaujua wenyewe.

— Barua ile naitetea mpaka kesho, alisema Wakili, aliyepewa jina hilo kwa ubishi, maana sheria hakuisoma hata siku moja. — Niliwaambia akaunti si ya mtu mmoja, ni ya mtaa mzima, tunacheza kwa zamu na hatujawahi kugombana. Nikamalizia, umoja ni nguvu.

— Wakajibuje? aliuliza Bibi Birika, muuza kahawa. Alikuwa anajua, ila alipenda kusikia tena.

— "Asante kwa kukiri. Akaunti imefungwa daima." Kipa aliyasema kwa kichwa, kama mtoto anayesoma shairi. Huyu ni mlinzi wa ghala, na jina hilo alipewa kwa kejeli, kwa magoli anayofungwa kwenye gemu.

— Msema kweli mpenzi wa Mungu, Wakili akajitetea.

— Wa Mungu, baba, alisema Bibi Birika. — Kampuni haikukuposa.

Swichi alinywa kahawa yake. Moyoni alimchukia Wakili, kisha akajichukia mwenyewe, kwa sababu barua ile aliisoma kabla haijatumwa na aliona imekaa vizuri.

— Afadhali yeye kafungiwa, Kipa alisema. — Mimi nilikuwa nanunua yale masanduku ya bahati. Unalipa kwanza, kilichomo unakiona baadaye. Nikatafuta mshambuliaji, nikapata glavu. Nikanunua tena, nikapata nywele.

— Nywele?

— Mtindo wa nywele, bibi. Za mchezaji ambaye sina.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Wakili.

— Kibaba cha nani? Kipa aliuliza.

Wakili akapuliza kahawa iliyokwisha poa.

— Na kila mwaka mpira uleule, Kipa akaendelea. — Wanabadilisha jezi, wanapaka nyasi rangi, wanakwambia hii mpya. Ya zamani wanaizima huko kwao, ukiiwasha inakuuliza wewe nani.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Nani aliwasifu? Sisi tuliwatukana tangu mwanzo na maji wakatia vilevile.

— Hata waliotengeneza gemu hizo wamefukuzwa, Swichi alisema, na wote wakageuka, kwa kuwa hakuwa amefungua mdomo tangu akae. — Nilisoma kwenye simu. Wiki ileile ambayo wakubwa walijisifia mauzo.

— Ndiyo maana refa wa mle ndani ana hasira, Kipa alisema, akijipiga paja. — Kafukuzwa kazi halafu wamemsahau humo.

— Na ile mvua je? Wakili akapata nguvu. — Mvua ya kwenye gemu haimnyeshei kila mtu. Inamnyeshea asiyenunua masanduku. Wanakutelezesha makusudi.

— Mnacheka, alisema Bibi Birika, ingawa hakuna aliyekuwa anacheka. — Mashine hiyo inasikia. Juzi niliwasema wenye kampuni hapahapa, asubuhi birika langu likatoboka.

Swichi akaitazama mashine ndani ya taulo. Ilimuuma kwamba wenzake walikuwa wanastarehe na msiba wake. Akiiuza leo atanunua ngazi, arudi darini kwa watu, goti likubali lisikubali. Isipouzwa, hata ngazi hana.

Mnunuzi alifika akiwa na begi tupu mgongoni, mwanamume mpole, kinyozi wa mtaa wa pili aliyetaka kufungua chumba kama kile kando ya kibanda chake cha kunyolea. Akasalimia wote, akaifunua mashine, akakagua matundu yake ya nyaya, akaridhika.

— Chema chajiuza, Wakili alimnong'oneza Kipa.

— Ina gemu gani ndani, kaka? mnunuzi aliuliza.

— Haina. Akaunti yangu ilifungwa, zikaenda nayo, alisema Swichi. — Utafungua yako, utanunua upya.

— Kwa kampuni ileile?

— Mashine hii haikubali nyingine.

— Sawa. Kinyozi aliingiza mkono mfukoni, akasita. — Nikishazinunua, zitakuwa zangu?

Swichi alimtazama Wakili. Wakili, ambaye ana methali hata ya kumkanya mbu, akainama kufunga kamba ya kiatu kilichokuwa tayari kimefungwa. Kipa akamtazama Bibi Birika, naye akainua birika, akalitikisa, akalilaza ubavu. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Ili auze, neno moja tu lilitakiwa, ndiyo, na lilikuwa fupi. Swichi alilihisi kwenye ulimi. Goti likamuuma kwa kukaa upande juu ya kitasa, akalisogeza kwa mikono miwili, akaikunja taulo juu ya mashine.

— Kaa kwanza, ndugu yangu, nikueleze, alisema, akamsogelea Kipa ili kinyozi apate nafasi pale penye kitasa.