Meza ya Pieternella Westrate

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Leo redio yetu ya hapa Tholen, Uholanzi, inamkumbuka Pieternella Westrate, mjane wa mwoka mikate, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka themanini na tisa. Niseme wazi tangu mwanzo: nina hasira.

Wengi wenu mmekula mezani kwake. Viazi, maharagwe mabichi, mchuzi wa nyama, kisha uji wa mtindi. Baada ya uji hakuna aliyeruhusiwa kuinuka. Pieternella alifuta mikono, akasoma sura moja ya Biblia, na ukurasa mmoja wa kitabu chochote cha Kikristo alichokuwa nacho wiki hiyo. Akimaliza, alimnyooshea mtu kijiko: "Neno la mwisho?" Ndivyo baba zetu walivyotupima kama tunasikiliza: utaje neno la mwisho lililosomwa. Rafiki yake Krina, ambaye siku zote alikuwa akisinzia, alijibu, "Amina!"

"Amina bado iko mbali, mwenzangu," Pieternella alimwambia. "Futa mate kwanza."

Mimi niliacha shule mapema. Vitabu vingi ninavyovijua, nilivisikia mezani pale.

Kisha yeye na Krina wakahamia nyumba ya wazee. Wakaendelea vilevile: viazi, uji, kitabu. Wazee wengine wakavuta viti. Halafu akaja meneja mpya, akaiondoa meza. Nasema tena: aliiondoa meza. Eti kisomo kinawachelewesha waosha vyombo. Chakula kikaanza kupelekwa vyumbani, kila mtu na sinia lake.

Binti yake, Maatje, alikuwepo. "Mama alimwambia, 'Kama shida ni vyombo, mwanangu, niletee beseni nivioshe mimi.' Meneja akacheka. Mama hakuwa anatania."

Basi Pieternella akaweka kiti mlangoni pake, akasoma kwa sauti kwenye korido. Wenzake wakaacha milango wazi. "Neno la mwisho?" akauliza. Kutoka chumba cha mbali: "Amina!" Korido nzima ikaangua kicheko.

Wiki iliyofuata ikatoka amri: milango ifungwe wakati wa chakula.

Milango ifungwe! Hawa ni watu wazima, wamelea watoto, wamezika waume.

Maatje anasema tangu hapo sinia lilikuwa likirudi jikoni halijaguswa. "Nikamuuliza, 'Mama, mbona huli?' Akaniambia, 'Nile na nani?'"

Tulimzika Jumamosi. Kwenye kahawa na mikate baada ya mazishi, meneja alisimama akasema marehemu alikuwa moyo wa nyumba yao. Moyo! Krina akainuka na mkongojo wake. Akafungua kitabu cha marehemu palipokuwa na utepe, akasoma ukurasa mmoja, polepole, mpaka chini. Kisha akamnyooshea meneja kijiko cha kahawa.

"Neno la mwisho?"

Meneja akatazama kikombe chake. "Samahani, bibi. Sikulishika."

"Lilikuwa 'mlango'," Krina akasema. "Na leo sikusinzia."

Maatje, wewe na wanao, poleni sana. Mungu awafariji. Bibi Krina, pole kwa kubaki bila mwenzio.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa, huu ni wakati wa chakula. Sufuria ziko mezani. Kabla hujashika uma, jiulize: mama yako, saa hii, anakula na nani?